Si Pori Tu: Leseni za Kutafuta Dhahabu na Ridhaa ya Wenye Ardhi



Dhuluma nyingi huanza kwa kupewa jina la upole. Katika suala la dhahabu jina hilo ni "pori". Mtu akishasema kwamba mahali fulani ni pori tu, amekwisha kuwaondoa watu wote waliopo pale, kabla askari mmoja hajatumwa na kabla tingatinga halijawashwa. Kaburi la babu limegeuka kichuguu. Shamba lililopumzishwa ili lirudishe rutuba limekuwa ardhi isiyo na mwenyewe. Njia ya ng'ombe kwenda lamboni haimo katika ramani, na kisichokuwamo katika ramani hakimo duniani.

Mwaka jana mwamini mmoja, mwenye meza ya mitumba katika soko la Karume, alikuja ofisini kwangu na bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na leseni ya utafutaji wa madini, aliyoipata kwa ubia na wenzake wawili. Aliomba niibariki. Nikamwuliza kama amepata kufika katika wilaya iliyoandikwa humo. Hajafika. Nikamwuliza kama anawafahamu wenyeji wa mahali hapo. Akanijibu kwa heshima, na kwa moyo mweupe kabisa: "Baba, hapana watu pale. Ni pori tu." Huyu si mwizi. Ni baba wa familia, anatoa zaka, na soko lilipoteketea mnamo Januari 2022 alipoteza bidhaa zake zote akaanza upya kwa mkopo wa kikundi. Ndiyo maana jibu lake lilinisumbua kuliko ambavyo lingenisumbua jibu la mtu mwovu.

Mtasema: Mchikichini hapana dhahabu, Padre anatupeleka wapi? Ni kweli, chini yetu kuna mchanga na maji ya bonde la Msimbazi. Lakini dhahabu ya Kanda ya Ziwa haikai Kanda ya Ziwa. Masonara wake wako Kariakoo. Makarai, kamba, pampu na viatu vya mpira vinavyotumika machimboni vinanunuliwa hapa. Wafanyabiashara wetu wanapeleka nguo Katoro na Runzewe, na hurudi na habari za rashi mpya kila mwezi. Na karatasi, yaani leseni, nyingi ziko katika mabegi ya watu wa mjini ambao hawajapata kulowa mvua ya mahali panapotajwa humo. Jambo hili ni letu.

Leseni hiyo ni nini hasa? Wengi wetu hatujui, na wanaojua hawana haraka ya kutueleza. Kwa sheria zetu, dhahabu iliyo chini ya udongo si mali ya mwenye shamba. Ni mali ya Jamhuri, na tangu mwaka 2017 sheria inatamka wazi kwamba Rais anaishika kama amana kwa niaba ya wananchi. Anayetaka kuitafuta huomba leseni kwa Tume ya Madini. Eneo la leseni moja ya utafutaji laweza kufika mamia ya kilomita za mraba, yaani vijiji kadhaa pamoja na malisho yake, shule zake na vigango vyake. Ilhali mchimbaji mdogo hupewa hekta chache. Maombi huangaliwa kwa kufuata nani aliyetangulia kuomba. Litafakarini neno hilo: aliyetangulia kuomba, si aliyetangulia kuishi.

Sitaki kuisingizia sheria. Sheria ya Madini ya mwaka 2010, kama ile ya 1998 iliyoitangulia, inamkataza mwenye leseni kufanya kazi ndani ya mita 200 za nyumba ya watu, au mita 50 za shamba lililolimwa, au mita 100 za lambo na maji yanayotumiwa na watu au mifugo, pasipo ridhaa ya maandishi ya mkaaji halali. Makaburi na mahali pa ibada panahitaji kibali cha juu zaidi. Maneno haya ni mazuri, na kila katekista wa vijijini angepaswa kuyajua kwa moyo. Lakini nyumba hiyo nzuri ina mlango wa nyuma. Ridhaa ikionekana kuwa imezuiliwa pasipo sababu ya maana, wenye mamlaka waweza kuamuru kwamba haihitajiki tena. Na ni nani atakayeipima sababu ya maana ya mjane ambaye hataki mashine ipite penye kaburi la mumewe? Tena ridhaa yenyewe huombwa mwishoni, leseni ikiwa imekwisha kutolewa, imelipiwa na pengine imekwisha kuuzwa mara mbili. Binti haulizwi kama anataka kuolewa. Anaulizwa kama anapenda rangi ya gauni.

Linganisheni na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Humo, halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi bila Mkutano Mkuu wa Kijiji kuidhinisha. Watu wazima wote wa kijiji hukaa chini ya mti, huuliza huyu ni nani, ametoka wapi, atalima nini. Hayo yote kwa ajili ya ekari mbili za mihogo. Lakini kijiji kizima kikitiwa ndani ya leseni ya dhahabu, hakuna mkutano unaoitishwa kwanza. Siku moja gari jeupe linafika, vijana wanashuka na vifaa vya kupimia, na mwenyekiti wa kijiji anaonyeshwa nakala ya karatasi yenye muhuri. Kama ana bahati.

Hapo ndipo tunapoambiwa: kutafuta si kuchimba, utafutaji haumdhuru mtu. Ninawaheshimu wajiolojia, maana kazi yao ni ya elimu na subira. Huanza kwa kupima kutoka angani. Kisha huja kwa miguu na kuchukua sampuli za udongo kwa mistari iliyonyooka, na mstari ulionyooka haujui mtama wala karanga. Baadaye huchimba mitaro. Matokeo yakiwa mema huleta mitambo ya kuchoronga miamba, ambayo hutoa magogo ya mawe kutoka mamia ya mita chini, yakapangwa katika masanduku na kupelekwa maabara, ili ijulikane kama tani moja ya mwamba ina gramu ngapi. Aghalabu ni gramu chache mno. Kazi hiyo huchukua miaka, na mara nyingi haizai mgodi wowote.

Lakini miaka hiyo si mitupu kwa mwanakijiji. Anashauriwa asijenge, kwa kuwa huenda akahamishwa. Anashauriwa asipande miembe wala michungwa, kwa kuwa haitathaminiwa. Kijana anayetaka kuoa anaambiwa na baba yake angoje. Kumi wanapata vibarua vya kubeba masanduku, mia wanabaki kutazama, na kijiji kinagawanyika. Huko Nyamongo, wilayani Tarime, kungojea huku kulizaa hata neno lake, "tegesha": nyumba iliyoinuliwa haraka haraka, bila nia ya kukaliwa, ili mthamini aikute. Wenye mgodi hulalamika kwamba tegesha ni ulaghai. Ni ulaghai kweli. Lakini ni nani aliyemfundisha mkulima kwamba nyumba ina thamani pale tu inapokaribia kubomolewa?

Sasa niseme juu ya neno "mgunduzi". Magazeti hutuandikia kwamba kampuni fulani imegundua dhahabu mahali fulani. Fuateni historia. Chini ya Wajerumani dhahabu ilitajwa Geita mwaka 1898, na mgodi wa Sekenke ulianza mwaka 1909. Chini ya Waingereza uwanda wa Lupa huko Chunya ulijaa watu tangu mwaka 1922. Lakini tuje kwenye migodi ya zama zetu. Lusu, karibu na Nzega, ambako mgodi wa kwanza mkubwa wa kipindi hiki ulifunguliwa mwaka 1998, wachimbaji wadogo walikuwapo kabla yake. Nyamongo walikuwapo. Bulyanhulu, wenyeji waliufuata mshipa wa dhahabu katika miaka ya 1970. Ndipo ikaja kampuni ya Outokumpu ya Ufini katika miaka ya 1980, kisha Placer Dome ya Kanada, na mwaka 1994 Sutton Resources, nayo ya Kanada. Kila mgeni alipofika alikuta mashimo. Mashimo hayo ndiyo yaliyomwambia pa kupeleka mtambo. Mwenye jembe alilipa gharama ya kwanza ya utafutaji kwa mgongo wake, na katika hesabu ya kampuni gharama hiyo haikuandikwa popote.

Yaliyofuata Bulyanhulu kila mwenye umri wangu anayakumbuka, na vijana wetu hawana budi kuyajua. Mwishoni mwa Julai 1996 Serikali iliwaamuru wachimbaji wadogo waondoke, na mwezi wa Agosti maduara yao yakafukiwa. Ni wangapi waliondolewa, hadi leo panabishaniwa. Palikuwa na madai kwamba watu zaidi ya 50 walifukiwa wakiwa hai. Serikali na kampuni walikanusha. Ofisi ya kupokea malalamiko ya Kundi la Benki ya Dunia, ambalo lilikuwa limeudhamini mradi kwa bima, iliandika mwaka 2002 kwamba haikuona ushahidi wa kuyathibitisha. Mimi si mahakama, na padre hana ruhusa ya kuhesabu maiti ambazo hazikuonekana. Lakini hata tukiyaweka madai hayo kando kabisa, linabaki jambo lisilobishaniwa na yeyote: watu waliofika kwanza, wakakuta dhahabu, wakajenga vibanda, maduka na makanisa ya nyasi, waliamka siku moja wakiwa wavamizi. Barrick iliinunua Sutton mwaka 1999 na mgodi ukaanza kutoa dhahabu mwaka 2001.

Tangu hapo taifa limejadili sana. Mwaka 2008 Baraza letu la Maaskofu pamoja na CCT na BAKWATA walitoa taarifa ya pamoja juu ya dhahabu, jambo la fahari kwa waumini wa dini zote. Mwaka huo huo Kamati ya Jaji Mark Bomani ilitoa mapendekezo yake. Mrabaha wa dhahabu ulikuwa asilimia 3. Mwaka 2010 ukawa 4, na mwaka 2017 ukawa 6. Serikali ikajipatia hisa zisizopungua asilimia 16, kisha ikaundwa kampuni ya Twiga kwa ubia na Barrick. Nashukuru kwa hayo yote. Hospitali hujengwa kwa fedha, wala si kwa hasira. Lakini tazameni kilichokuwa kikijadiliwa muda wote huo: kiasi gani kiende kwa mwekezaji, kiasi gani kiende Hazina. Tumegombania bei ya mbuzi kwa miaka ishirini, wala hatukumwuliza mwenye mbuzi kama anauza.

Hapa wataalamu hutucheka. Wanasema: mkianza kuomba ridhaa ya kila kijiji, hakuna mtu atakayetafuta dhahabu katika nchi hii, mitaji itakimbia. Basi na tuitazame nchi walikotoka wawekezaji wa Bulyanhulu. Kaskazini kabisa mwa Kanada kuna jimbo liitwalo Nunavut. Ni nchi ya barafu, isiyo na barabara kati ya mji na mji. Sehemu kubwa ya mwaka ardhi yake imeganda, na wajiolojia hufika kwa ndege. Kama kuna mahali duniani ambapo mgeni angeweza kusema "ni pori tu", ni pale, na wageni walisema hivyo kwa muda mrefu. Lakini wenyeji wake, Wainuit, ambao wamewinda huko tangu enzi na enzi, walikataa. Walichora ramani zao wenyewe, wakaonyesha wapi wanavua samaki, wapi wanyama wanapita, wapi wazee walipiga kambi. Mwaka 1993 wakatiliana saini na Serikali ya Kanada. Leo wanamiliki kama kilomita za mraba 350,000 za ardhi hiyo, zaidi ya theluthi moja ya ukubwa wa Tanzania. Anayetaka kutafuta dhahabu juu ya ardhi hiyo hubisha hodi kwanza kwa chama chao cha eneo hilo na kupewa kibali. Mgodi mkubwa hauanzi juu ya ardhi hiyo mpaka mkataba wa manufaa umetiwa saini nao. Je, mitaji ilikimbia? Mgodi wa dhahabu wa Meadowbank ulifunguliwa katika ardhi hiyo mwaka 2010, na mingine ikafuata.

Sisemi kwamba Nunavut ni paradiso. Mnamo Februari 2021 wawindaji wa huko waliufunga uwanja wa ndege wa mgodi wa chuma wa Mary River, wakisema hata vyama vyao wenyewe havikuwasikiliza. Ridhaa si dawa ya kila ugonjwa. Nasema hivi: raia wa nchi ile, akitafuta dhahabu kwao juu ya barafu, huomba ruhusa ya wenyeji, akivuka bahari akaja Msalala au Geita, hutosheka na muhuri wa Serikali. Hakuibuni yeye njia hii ya mkato. Sheria yetu ndiyo iliyomwonyesha. Na leo wanaoitumia si wageni peke yao. Ni sisi.

Mwishoni mwa mwaka 2023 Wizara ya Madini ilitangaza kufuta maombi na leseni zaidi ya elfu mbili, kwa kuwa wenyewe hawakuwa wakitimiza masharti. Zaidi ya elfu mbili! Hizo ni karatasi za watu wengi ambao hawakuleta mtambo wala nyundo. Walikalia ardhi ya wenzao kama mtu anayekalia kiti cha kanisa kwa kuweka kofia, wakingoja Mchina au Mwaustralia apite wamwuzie. Wakati huo kijana wa kijijini aliyetaka kuchimba kwa halali aliambiwa eneo limekwisha kuchukuliwa, akaingia usiku. Mkasema ni mhalifu.

Najua pia dhambi za machimbo madogo, na sitazifunika kwa kanzu. Zebaki inayoshikwa kwa mikono mitupu, ikachomwa jikoni penye watoto. Watoto wanaoacha shule wakasage mawe. Maduara yasiyo na magogo ya kutosha. Mnamo Januari 2024, wilayani Bariadi, watu zaidi ya 20 walifariki walipofukiwa na kifusi. Ndugu zangu, mtu anayechimba kwa kujificha hawezi kuweka nguzo imara. Ukimwita mvamizi kwenye ardhi aliyoigundua, umemnyima mkaguzi, umemnyima mkopo wa mashine, umemnyima hata ujasiri wa kupiga kelele za kuomba msaada. Sehemu ya vifo hivyo imeandikwa mapema katika karatasi iliyotolewa bila kumwuliza.

Kwa nini nayasema haya sasa? Kwa sababu Wizara ya Madini ina mpango uitwao Dira ya 2030, wenye kaulimbiu "Madini ni Maisha na Utajiri". Ulipoanza ulituambia kwamba ni asilimia 16 tu ya nchi iliyokuwa imekwisha kupimwa kwa kina kutoka angani, na kwamba lengo ni kufikia asilimia 50 ifikapo mwaka 2030. Hilo lenyewe si baya. Baba anayetaka kujua kilichomo ghalani mwake hana kosa. Lakini ramani hizo zikitoka, watakaozisoma kwanza hawatakuwa wakulima wa Mbogwe au Nzega. Watakuwa watu wenye kompyuta na fedha za ada, wengi wao katika jiji hili. Eneo litakaloweza kufunikwa kwa leseni litaongezeka mara tatu. Kama ridhaa haikuwekwa mlangoni kabla ya hapo, basi yale ya 1996 yatarudi, kwa utulivu zaidi, kijiji kimoja kimoja, bila gazeti kuandika.

Na ninyi watu wa Mchikichini ndio hasa mnaopaswa kulielewa hili bila kufundishwa. Mnajua maana ya kuambiwa mpishe. Wamachinga wetu waliondolewa pembezoni mwa barabara mwaka 2021 na kuelekezwa mahali ambapo wateja hawapiti. Soko kuu la Kariakoo lilipoungua mwezi wa Julai mwaka huo huo, na Karume miezi sita baadaye, mliuliza swali moja tu: nani atapewa nafasi kwanza, aliyekuwapo au mwenye fedha? Mlikuwa na haki ya kuuliza. Wazee wetu wa Ilala Kota na wa Kariakoo wameona nyumba za vyumba sita na uwanja wa nyuma zikigeuka maghorofa, na wanajua kwamba mtu aliyefika na karatasi hakusema kamwe "hapa pana kwao mtu". Alisema "hapa pana kiwanja". Tuseme kesho mtu anabisha hodi kwako, mtaa wa Shaurimoyo, saa moja asubuhi, amebeba karatasi inayomruhusu kutoboa sakafu ya sebule yako ili atazame kama chini kuna kitu. Ungemwambia, "Karibu, ni sebule tu"?

Katika Kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 21, tunasoma habari za Nabothi na shamba lake la mizabibu. Mahubiri mengi huharakisha kufika kwenye damu, na hivyo hupita kitu kilicho muhimu kwetu. Ahabu hakuanza kwa unyang'anyi. Alianza kwa kutoa fidia, tena fidia nzuri: shamba lililo bora kuliko lile, au thamani yake kwa fedha. Mthamini wa leo angesema masharti yote yametimizwa. Nabothi alikataa, kwa kuwa ule ulikuwa urithi wa baba zake. Hapo ndipo mfalme alipougua, na ndipo barua zikaandikwa kwa jina la mfalme na kupigwa muhuri wake. Kosa la Ahabu halikuwa udogo wa fidia. Hakuweza kuvumilia kwamba mtu mdogo ana neno "hapana", na kwamba neno hilo lina nguvu. Mkutano wa kijiji usioruhusiwa kusema hapana haujasema ndiyo, hata ukipiga makofi.

Kwa hiyo Tume ya Haki na Amani ya parokia inataka mambo haya, na tutayaandika kwa wabunge wetu wa Dar es Salaam, sio wa Geita peke yao. Sheria ya Madini irekebishwe ili leseni ya utafutaji isitolewe mpaka Mkutano Mkuu wa kila kijiji kinachoguswa umekaa na kuelezwa kwa Kiswahili kitu gani kitafanyika, nao uwe na uwezo wa kukataa. Na muhtasari wa mkutano huo uambatishwe kwenye maombi. Mlango wa nyuma wa ridhaa iliyozuiliwa pasipo sababu ufungwe, angalau kwa makazi, makaburi na maji. Wenyeji waliofika kwenye mshipa kabla ya kampuni waandikwe kuwa wagunduzi na wapewe sehemu yao kwa haki, wala si kwa hisani ya kujengewa darasa. Na eneo ambalo mwenye leseni hakulifanyia kazi lianze kwa kurudishwa kwa wachimbaji wadogo wa mahali pale, kabla halijatangazwa kwa tajiri mwingine.

Hayo ni ya Bunge. Yaliyo yetu hayangoji Bunge. Mwamini mwenye leseni ya utafutaji apande basi aende mahali palipoandikwa humo. Asiende na dalali. Aende kwa paroko wa huko, au kwa mwenyekiti wa kijiji, aseme jina lake, alale usiku mmoja, ale ugali wao, aulize makaburi yako wapi. Akirudi bado anasema ni pori tu, tutazungumza naye. Halmashauri ya Walei nayo iache desturi iliyoanza kuingia, ya kupokea mchango mnono wa ujenzi kutoka kwa mtu aliyeuza leseni, na kumkaribisha mbele apigiwe makofi kabla hatujajua aliiuza ikiwa na watu wangapi ndani. Paa la kigango linaweza kungoja.

Yule mwamini wa bahasha ya kaki sikuibariki karatasi yake. Nilimpa anwani ya padre mwenzangu aliye katika wilaya ile, akaenda wakati wa Kwaresima. Alikuta vitongoji vitatu, kisima cha pampu na kigango cha matofali mabichi. Wabia wake wawili bado wanataka kuuza, na yeye ameniomba niwaite.

Mkutano utakuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya Misa ya pili, katika ukumbi wa parokia. Wenye leseni waje nazo. Tume italeta ramani za wilaya husika, na tumewaalika wanaparokia waliozaliwa Kahama, Geita, Nzega na Tarime, ili watusomee majina ya mahali hapo jinsi wenyeji wanavyoyatamka.